Mhandisi ujenzi mwandamizi serikalini: vigezo vya cheo na kazi iliyo nyuma ya saini

Katika utumishi wa umma Tanzania, mhandisi ujenzi huanzia Daraja la II, hupanda Daraja la I, kisha ndipo huitwa Mwandamizi. Juu yake wapo Wahandisi Wakuu. Ngazi hizi zipo wizarani, kwenye sekretarieti za mikoa na katika halmashauri. Taasisi kama TANROADS (barabara kuu), TARURA (barabara za vijijini na mijini) na RUWASA (maji vijijini) zina miundo yao, lakini mantiki ni ileile. Mwandamizi ndiye anayeaminiwa kusaini vipimo na hati za malipo za kazi ambayo mara nyingi watu wengine ndio walioshinda wakiifanya siku nzima.

Vigezo vya kufika hapo

Cha kwanza ni shahada ya uhandisi ujenzi kutoka chuo kinachotambuliwa. Shahada peke yake haitoshi. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 inataka usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Unaingia kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka isiyopungua mitatu, kisha unaomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Njia iliyozoeleka ni mpango wa mafunzo kwa vitendo wa SEAP, unaoendeshwa na ERB yenyewe.

Wengi hukwama kwenye kumbukumbu. Andika kila kazi siku inapofanyika: ulibuni nini, ulikagua nini, nani alikusimamia. Usisubiri mwaka wa tatu uanze kukumbuka kalvati lililojengwa mwaka wa kwanza. Wanaokuhoji watataka kujua kwa nini ulichagua kipenyo kile cha bomba, na “msimamizi alisema” si jibu.

Cha pili ni muda na tathmini. Miundo mingi ya utumishi huhesabu miaka isiyopungua mitatu ya utendaji mzuri kabla ya kupanda daraja, kwa hiyo soma waraka wa kada yako neno kwa neno. Tathmini sasa hufanywa kwenye mfumo wa PEPMIS. Ukijaza “kusimamia miradi”, msimamizi wako hana cha kupima. Jaza kitu kinachohesabika: kukagua na kupitisha tabaka la changarawe kilomita 12, kuandaa makadirio ya madarasa manne, kufunga hesabu ya mwisho ya mkataba fulani.

Kazi inavyogawanyika

Mwaka wa mwandamizi huanza na bajeti: hali ya barabara au majengo, makadirio ya gharama, vipaumbele. Kisha huandaa michoro, vigezo vya kiufundi na mchanganuo wa kazi na gharama, na zabuni hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Hapo huwafundisha pia wahandisi vijana na mafundi sanifu. Yote hayo ni muhimu, lakini hasara kubwa na hoja nyingi za ukaguzi huzaliwa site na kwenye hati ya malipo.

Zege: simama penye mashine

Jambo la kuangalia kwanza ni maji. Ukiwa na uwiano wa maji na saruji wa 0.5, mfuko wa kilo 50 unapewa lita 25, basi. Fundi akiongeza lita 10 ili zege limiminike kirahisi, uwiano unafika 0.7 na nguvu inashuka vibaya hata kama saruji haijaibwa hata kijiko. Kumbuka pia mchanga uliolala kwenye mvua: ukiwa na unyevu wa asilimia 5, kila kilo 100 za mchanga mkavu zinaingia na lita 5 ambazo hakuna aliyezihesabu. Punguza maji ya ndoo kwa kiasi hicho.

Pima ulaini kwa koni ya milimita 300. Jaza tabaka tatu, kila tabaka mapigo 25, inua koni wima polepole, kisha pima zege lilivyoshuka. Likianguka upande mmoja, rudia kwa zege jingine. Likianguka hivyo tena, mchanganyiko wenyewe una shida.

Nguvu ya zege hupimwa kwa kuvunja michemraba yake maabara. Kwa mchemraba wa milimita 150, viwango vya zamani vya Uingereza ambavyo bado vinatumika sana hutaka tabaka tatu, kila moja mapigo yasiyopungua 35 kwa chuma cha kushindilia. Tengeneza sita: mitatu ya siku 7, mitatu ya siku 28. Iandike tarehe na sehemu ya jengo, ifunike isikauke, ifungue kesho yake na uizamishe majini hadi siku ya kuvunjwa. Zege la saruji ya kawaida likiwa na siku 7 hutegemewa kufika karibu theluthi mbili ya nguvu ya siku 28. Likiwa chini sana ya hapo, simamisha hatua inayofuata, usingoje wiki tatu huku ghorofa linapanda.

Chagua mwenyewe zege la kupima, na usitangaze mapema. Ukitangaza, utatengenezewa zege la maabara, na nguzo itapata jingine.

Changarawe: hesabu iliyoshindiliwa, si tripu

Chukua kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 6 na tabaka la milimita 150. Hizo ni meta za ujazo 900, zikiwa zimeshindiliwa. Changarawe iliyo kwenye tipa imevimba, kwa hiyo kupata 900 chini huhitaji takriban 1,150 hadi 1,200 juu ya magari. Mkandarasi akikuletea daftari la tripu 90 za tipa la meta 10 akasema kazi imekamilika, barabarani kuna kama 700 tu, na wewe umetakiwa usaini 900.

Tiba yake ni jembe na rula. Chimba vishimo kila mita 100, kushoto, katikati na kulia, upime unene hadi udongo wa asili. Wastani ukitoka milimita 125, lipa 750 au mwambie aongeze na kushindilia upya. Usikubali vishimo vya katikati peke yake. Pembeni ndipo greda hubana na rola haifiki vizuri.

Ushindiliaji nao unapimwa kwa shimo na mchanga uliopimwa uzito: asilimia 95 ya msongamano wa maabara, au kama mkataba unavyosema. Ushindiliaji usipofika hapo, uliza habari za maji kabla hujalaumu rola. Udongo mkavu kuliko unyevu unaofaa haushikani hata ukipitiwa mara 20, na uliolowa kupita kiasi huyumba kama godoro. Mara nyingi boza lilikuwa moja na likawa safarini.

Hati ya malipo na barua

Anza na karatasi za vipimo zilizosainiwa na pande zote mbili site, siyo ofisini. Zilinganishe na mchanganuo wa kazi, kipengele kwa kipengele. Kisha toa fedha inayozuiliwa hadi muda wa matazamio, yaani wa mkandarasi kurekebisha kasoro, uishe, marejesho ya malipo ya awali, na yote yaliyolipwa nyuma. Vifaa vilivyoletwa site vilipwe pale tu mkataba unaporuhusu, na viondolewe kwenye hesabu vikishatumika. Kuvilipa mara mbili ni kosa jepesi sana kulifanya.

Hati ikishakamilika isilale mezani. Mikataba mingi hutoza riba malipo yakichelewa, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) huihesabu hiyo kama hasara.

Maagizo yote yawe ya maandishi. Ukimwambia mkandarasi kwa mdomo “ongeza kalvati pale”, umeongeza gharama bila idhini, na atakudai. Weka shajara ya site yenye mvua, mitambo iliyopo na isiyofanya kazi, idadi ya vibarua na wageni waliofika. Chini ya masharti ya mikataba ya kimataifa ya FIDIC ya 1999, mkandarasi ana siku 28 za kutoa taarifa ya dai tangu alipojua tukio au alipopaswa kulijua. Shajara yako ndiyo itakayoonyesha kama mvua anayoidai siku 15 ilinyesha kweli siku sita.

Kwenye fosi akaunti, ambako shule au zahanati hujengwa na fundi wa kijijini na kamati, hakuna mkandarasi wa kuandikiwa barua. Kagua msingi kabla haujafukiwa, nondo kabla ya zege na lenta kabla ya paa, na kila hatua iachiwe karatasi kwa mwenyekiti wa kamati. Ukiwa na miradi kumi kwa gari moja, pangia ziara hatua hizo tatu. Siku za kupaka rangi anaweza kwenda fundi sanifu.