Kupima vigae vya vyungu kwa eksirei ya mkononi, hapohapo saiti

Jamani wengi mmeniuliza hii mashine inafanyaje kazi, ile inayofanana na drili ya fundi, inayopiga kigae cha chungu kwa eksirei na kuonyesha kina elementi gani na kiasi gani, basi leo naandika vile tunafanya sisi huku Uganda. Jua kwanza kwamba mashine haikatai kitu. Ielekeze kwenye tope itakupa namba, ielekeze kwenye kigae safi itakupa namba, na zote zinapendeza hivyohivyo. Kazi yenyewe iko kwenye kigae, kubonyeza hata mtoto anaweza.

Hatua ya 1. Karatasi. Eksirei ni eksirei hata ikiwa ndogo, leseni ya Baraza la Nishati ya Atomiki iwepo, na kibali cha kuchimba pia.

Hatua ya 2. Chagua kigae kinachofunika dirisha lote la mashine, yaani pale mbele miale inapotokea, na unene usipungue milimita 5 hivi. Miale ya zirikoniamu inatoka ndani kabisa, kigae kikiwa chembamba inapita upande wa pili na namba inashuka bure.

Hatua ya 3, hapa ndio watu wanaharibu. Usipime uso uliolala ardhini mamia ya miaka! Chukua Ntusi, kijiji cha kale huku Uganda, vile vichuguu viwili wanavyoviita dume na jike vimejaa mifupa ya ng'ombe, sasa fosforasi na kalsiamu ya mifupa inaingia kwenye kigae pole pole, wewe unapima unafurahi kumbe unapima ng'ombe. Vunja kona kidogo na plaizi, puliza vumbi, angalia. Utaona pengine moyo mweusi katikati na punje nyeupe za kwatzi. Pima hapo kwenye mvunjiko mpya, punje kubwa ikikaa katikati ya dirisha sogeza. Kigae chenye mapambo ya kuviringisha kamba kipige picha kwanza kabla hujagusa plaizi, tafadhali.

Hatua ya 4. Kipande cha kulinganisha, chenye namba zinazojulikana tayari, sisi tunatumia udongo wa matofali wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, namba 679. Kipime asubuhi, mchana, jioni. Mwaka wangu wa kwanza nilipima vigae 60 bila kukigusa hata mara moja, jua la saa saba likachemsha mashine, namba za mchana zikakataa kukubaliana na za asubuhi na sikuwa na cha kuamulia, nikarudia vyote 60.

Hatua ya 5. Piga sehemu 3 mpaka 5 kwa kila kigae halafu chukua wastani. Kilovolti 40 na chujio kwa rubidiamu, strontiamu na zirikoniamu, sekunde 120. Kilovolti 15 bila chujio kwa elementi nyepesi. Sodiamu sahau.

Hatua ya 6. Uliza akina mama wafinyanzi wanachimba wapi udongo, choma vibamba vidogo, vipime vilevile. Bila hivyo utajua tu vigae gani vinafanana, hutajua vilitoka wapi.

MASWALI

Ssebo, inaonyesha umri?
Hapana. Umri tafuta kwenye mkaa uliokaa safu moja na kigae.

Vyungu vya chumvi vya Kibiro, kule wanakotengeneza chumvi kando ya Ziwa Albert, je, si chumvi itaonekana?
Chumvi ni sodiamu na klorini nyabo. Sodiamu nimesema sahau, klorini inaonekana kwa shida, na Kibiro udongo wenyewe una chumvi, utajuaje ipi ya chungu? Mimi singeandika ripoti juu ya hiyo.

Chungu kizima cha makumbusho siwezi kuvunja kona, nifanyeje?
Tafuta palipomeguka zamani, mara nyingi mdomoni au chini. Tumbo la chungu limepinda, hewa inabaki katikati, elementi nyepesi zinapotea. Andika kabisa kwamba ulipima uso.

Mwenzangu ana mashine ya kampuni nyingine, tuchanganye namba?
Mpime vipande vilevile 10 kila mmoja kwanza. Tofauti ikiwa ileile kila mara mtairekebisha, ikirukaruka kila mtu abaki na zake.

Mimi nina mimba, niko kwenye timu inayopima. Niogope?
Dada, kitufe kikiachwa mashine haitoi mionzi. Ila mwambie msimamizi wa usalama leo hii, mwingine abonyeze, wewe kaa mbali uandike daftari. Na hakuna mtu kushika kigae kwa vidole mbele ya dirisha, mwenye mimba au asiye nayo, stendi iko.