Hesabu matundu kabla ya miiba: kutambua familia za mimea kwa chavua

Mbamia, kiazi kitamu na alizeti zote zina chavua yenye miiba, ila ni familia tatu tofauti. Ndiyo maana miiba isikupe jibu. Hesabu kwanza matundu na mifereji iliyo kwenye ganda la punje ya chavua.

Chuma asubuhi tumba linalokaribia kufunguka. Ua lililo wazi limeshatembelewa na nyuki, na hapa Malindi upepo wa baharini huliangushia chavua ya mivinje. Pasua vifuko vya chavua juu ya slaidi, dondoshea alkoholi kuosha mafuta, ondoa vipande vya ua, acha pakauke. Mafuta yakibaki, punje hung'ang'aniana na sura ya ganda haionekani.

Sasa tengeneza jeli ya kushikilia chavua kwenye slaidi: roweka jelatini gramu 10 katika maji mililita 35, tia gliserini mililita 30 na fuksini (rangi nyekundu) kidogo sana, kisha yeyusha chombo kikiwa ndani ya maji ya nyuzijoto 60 hivi. Isichemke, maana haitaganda vizuri. Kwa unyevu wetu wa pwani ongeza chembe chache za thimoli, la sivyo itaota kuvu. Jeli ikiganda, weka kipande chake cha milimita 2 juu ya chavua, pasha moto taratibu, funika kwa kioo chembamba.

Kabla haijaganda, sukuma kioo hicho kidogo kwa ncha ya sindano ili punje zigeuke. Hapa ndipo wengi wanapokosea: punje ya mifereji mitatu ikilala ubavu huonyesha mmoja au miwili tu. Itafute iliyosimama, uone yote mitatu ukingoni. Ukuzaji wa hadubini wa mara 400 unatosha.

Mfereji mmoja mrefu ni dalili ya mnazi na jamaa zake. Kitundu kimoja cha mviringo chenye ukingo mnene, ganda likiwa laini, ni nyasi. Mahindi yamo humo, na punje zake ni kubwa, mikroni 80 hadi 100 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Mifereji mitatu ni ya dikotiledoni (mimea ambayo mbegu yake huota na majani mawili) nyingi mno, mkoko ukiwemo, kwa hiyo peke yake haitoshi; ikiambatana na miiba, fikiria familia ya alizeti. Ukikuta punje zimeshikana, usizibonyeze kuzitenganisha. Mgunga kwa kawaida hufungasha 16 pamoja, na mtopetope 4.

Kazi ngumu ni mbamia na kiazi kitamu. Zote zina punje kubwa, miiba, na vitundu vingi vilivyotapakaa. Mtakawa na ule mtambazi wa maua ya zambarau ufukweni hukuletea shida iyo hiyo. Rudi kwenye ua: familia ya mbamia stameni zake (vijiti vya kiume vinavyobeba chavua) zimeungana kuwa mrija, ya kiazi kitamu zina stameni 5 zilizoachana.

Pima angalau punje 20 kwa kila mmea, na slaidi zote zipimwe zikiwa na umri mmoja, kwa kuwa punje huvimba kadiri zinavyokaa ndani ya gliserini.