Bweni kuukuu kuwa madarasa: ninavyofanya hapa Dodoma

Kabla hujampigia fundi simu, chukua kiti, daftari na kalamu, uingie ndani ya jengo lenyewe. Kaa humo tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, siku tatu mfululizo. Mimi ni msimamizi wa majengo katika chuo kimoja hapa Dodoma, na bweni tulilogeuza kuwa madarasa nililikalia hivyo mwezi wa kumi, joto likiwa kali. Daftari lilijaa mambo ambayo hayakuwa kwenye ramani: ukuta usiowekeka kiganja saa tisa alasiri, dirisha linaloingiza vumbi, kona ambako wanafunzi hukimbilia kivuli.

Usiwe mwepesi wa kubomoa. Chuo Kikuu cha St John's kilianza mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) nacho, mwaka huohuo, kilianzia Chimwaga, kwenye ukumbi wa mikutano wa CCM. Msingi, zege na nondo vikishakuwepo, gharama yake imeshalipwa, na mchanga wake umeshachimbwa mtoni.

Anza na jua. Sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huelemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Pande hizo mbili hukingwa kwa upenu, yaani ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta. Adhuhuri ya Juni, upenu wa mita 1 hutia kivuli mita 1.7 hivi za ukuta wa kaskazini. Desemba upenu wa kipimo hicho hufunika mita 3 za ukuta wa kusini. Ukiwa na bati za kurefusha upande mmoja tu, refusha kaskazini. Kazi ngumu ni magharibi. Jua la jioni huingia limelala, na upenu haulifikii. Madirisha mawili ya upande huo tuliyaziba kwa tofali, tukatoboa mengine upande wa kusini, na nje tukapanda miarobaini, mita tano kutoka ukutani ili mizizi isisumbue msingi. Nilitamani sana kichanja cha mzabibu pale, maana sisi ni watu wa zabibu. Ila mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya mavuno hukatwa matawi. Ukuta ungebaki mtupu wiki kadhaa, tena mara mbili.

Bibi yangu alikuwa na tembe kule Mvumi: kuta nene za udongo, paa la miti lililofunikwa udongo. Saa nane mchana uliingia mle ukapumua. Bati haliwezi kazi hiyo, kwa hiyo lisaidie. Piga dari, halafu acha hewa ipite kati ya dari na bati kwa kutoboa matundu pande zote mbili za paa, uyazibe kwa wavu mgumu. Bila wavu, popo watahamia mwezi huohuo. Ukikuta paa la zamani ni la asbesto, usikate, usitoboe, usivunje hata kipande. Ondoa watu, wasiliana kwanza na NEMC, taasisi ya serikali inayosimamia mazingira.

Sasa kuta za ndani, na hapa naomba usome taratibu. Bweni letu lilikuwa na vyumba 12 vidogo. Tulitaka madarasa matatu, lakini pia tulitaka kesho mtu aweze kuyafanya ofisi au maabara. Kwanza panda darini na tochi uangalie kila kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, imekaa juu ya nini. Usimwamini anayesema "ukuta huu ni wa kugawa tu" kwa kuwa tofali zake zimesimamishwa. Katika kazi moja niliyoikuta imeshaanza, fundi aliangusha ukuta wa aina hiyo, na usiku bati likabonyea, kwa sababu kenchi mbili zilikuwa zimeuegemea. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo sivunji ukuta kabla mhandisi hajaweka alama ya rangi. Ukuta unaobeba mzigo ukitakiwa uondoke, weka nguzo na boriti ya zege kwanza, uache zege likomae, ndipo uvunje.

Mzigo ukishakaa kwenye nguzo, kuta mpya za kugawa zifanye nyepesi: fremu ya mbao na bodi, zisizofungwa na kenchi. Nyaya na mabomba usiyazike ukutani wala sakafuni. Yapitishe juu ya ukuta wa korido, ndani ya mfereji wenye kifuniko, ili kuhamisha soketi isiwe kazi ya patasi na nyundo. Milango iwe na upana wa sentimita 90, na mahali pa ngazi weka mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu.

Tofali tulizopungukiwa tulitumia za udongo na saruji zinazofungamana, zile zinazohimizwa na Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora. Hazichomwi. Ukitazama vilima vyetu vilivyobaki bila miti, utaelewa kwa nini sinunui za kuchoma.

Maji hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Dodoma hupata milimita 550 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Paa letu ni mita za mraba 400. Ukitoa robo inayopotea, zinabaki lita 165,000. Hatuna tangi la kukinga zote, lakini vyoo na miche tunavihudumia. Gata zisafishwe Novemba, na mvua ya kwanza uiache imwagike, maana huosha vumbi la miezi saba.

Ramani mpya, yenye nguzo zote na njia za mabomba, nimeibandika nyuma ya mlango wa stoo, na nakala yake iko kwa mhasibu.