SOMO: Pini za hitisinki zimevunjika? Ifunge kwa kebo tai kwa muda

Hapa tunazungumzia feni ya Intel inayotoka kwenye boksi la prosesa: ya mviringo, miguu minne, pini za plastiki za kubonyeza. Pini moja ikikatika, kona yake hunyanyuka na kompyuta hujizima kwa joto, hata kama kwa macho hitisinki (bonge la chuma chini ya feni linalopoza prosesa) imekaa vizuri.

Pima kwanza umbali wa tundu hadi tundu kwenye mazabodi. Soketi (kikalio cha prosesa) 775 ni mm 72. 1155, 1150, 1151 na 1200 ni mm 75. Pini huweza kuvunjika mtu akilazimisha feni ya 775 kwenye 1155. Kama ndivyo, tafuta feni sahihi, usihangaike na kamba.

Mahitaji: kebo tai (vifungo vya plastiki vyenye meno) nyembamba za mm 2.5 (8 zinatosha, nunua 12), washa (vipete bapa) 4 pana kuliko tundu la mguu wa feni, pesti ya prosesa, spiriti, kitambaa kisichoacha nyuzi na plaizi ndogo.

1. Chomoa umeme. Toa mazabodi kwenye kasha, isipokuwa kasha lako lina uwazi nyuma ya prosesa. Ng'oa pini zote nne, nzima na mbovu.

2. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, juu ya prosesa na chini ya hitisinki. Subiri ikauke, kisha weka pesti mpya katikati, kiasi cha punje ya choroko.

3. Pitisha kebo tai kutoka nyuma ya mazabodi, kichwa kibaki nyuma. Kichwa kikipenya tundu, weka washa ya plastiki. Ya chuma usiweke nyuma, kuna njia za umeme.

4. Shusha hitisinki wima, kila mkia upite kwenye mguu wake, kisha vika washa juu ya mguu.

5. Kata vichwa vya kebo tai nne zilizobaki, uvitumie kama nati. Jaribu kwanza mkononi: kichwa kiteremke kikilia trrr, kisirudi juu. Kikirudi, umekigeuza.

6. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kaza kwa mshazari, meno mawili au matatu kila kona, ukizunguka. Ukimaliza kona moja kwanza, hitisinki inainama na pesti yote inakimbilia upande mmoja. Inama utazame usawa wa mazabodi: nafasi iwe sawa pande zote. Bodi ikianza kupinda, umezidisha. Kebo tai hairudi nyuma, kata uanze upya.

7. Acha mikia ya sm 1 usiikate yote. Nailoni hulegea ikipata joto, kwa hiyo kesho yake zima mashine, ongeza jino moja kila kona.

8. Laza kasha ubavuni, mazabodi itazame juu, ili uzito wa hitisinki ukusaidie. Chomeka waya wa feni kwenye pini za mazabodi zilizoandikwa CPU_FAN. Kwenye Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa hadi 70%. Fuatilia joto kwa programu ya HWiNFO. Chini ya nyuzi 80 mashine ikiwa inafanya kazi ni salama. Likigonga 90 sekunde chache baada ya kuwasha, zima: hitisinki haijagusa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, supa gluu haifai?
Haifai. Joto huifanya ikatike kama kioo, na siku ya kuitoa unaweza kuharibu prosesa.

Je, bolti?
Ni bora kuliko kebo tai. Tumia M3 na washa za nailoni pande zote mbili za mazabodi, ukikaza kwa mshazari vilevile.

Yangu ni AM4 (soketi ya prosesa za AMD), jino la fremu ya plastiki limekatika.
Usifunge kamba, badilisha fremu. Inashikwa na skrubu nne tu. Angalia usiuziwe ya AM3: matundu yake ni mm 48 kwa 96, ya AM4 ni 54 kwa 90. Kabla ya kutoa hitisinki, washa mashine dakika kumi pesti ilainike, kisha zima na uizungushe kidogo kidogo, la sivyo prosesa hutoka nayo na miguu inapinda.

Naweza kuipeleka kazini kwa bodaboda ikiwa hivi?
Hapana. Toa hitisinki kwanza, ufunge upya ukifika.