Somo: Namna ya kuandika hadithi ya kihistoria kuhusu shule ya wasichana weusi kabla ya utumwa kukomeshwa

Somo hili limeandaliwa kwa wanachama wanaotaka kuandika hadithi fupi au riwaya kuhusu wasichana weusi waliotafuta elimu nchini Marekani kabla ya mwaka 1865, utumwa ulipopigwa marufuku katika katiba ya nchi hiyo. Nimechagua mfano mmoja, yaani shule ya bweni ya Prudence Crandall katika mji mdogo wa Canterbury, jimbo la Connecticut, mwaka 1833 na 1834. Kumbukumbu zake ni nyingi, lakini karibu kila anayeisimulia humsimulia mwalimu mzungu, na wasichana zaidi ya ishirini waliosoma katika nyumba ile hutajwa kwa idadi tu. Mimi naamini kwamba hadithi hii ni yao, na hatua zote zinazofuata zinalenga kuwarudishia nafasi yao.

Hatua ya kwanza: Bainisha jimbo, mwaka na sheria iliyokuwapo

Marekani ya wakati ule haikuwa na sheria moja kuhusu elimu ya watu weusi. Virginia ilipiga marufuku mwaka 1831 mikusanyiko ya kuwafundisha watu weusi huru kusoma na kuandika. Mjini Savannah, jimbo la Georgia, Susie King Taylor, aliyezaliwa utumwani mwaka 1848, alikuja kusimulia kwamba yeye na kaka yake walivifunga vitabu vyao kwa karatasi ili polisi na wazungu wasivione, na kwamba watoto waliingia mmoja mmoja katika nyumba ya mjane mweusi huru aliyewafundisha. Connecticut ilikuwa na hali nyingine: utumwa ulianza kuondolewa polepole mwaka 1784 na haukufutwa kabisa hadi 1848, na wanafunzi wa Canterbury walikuwa mabinti huru wa familia zilizoweza kulipa ada. Kwa hiyo usimwandike bwana mwenye mjeledi akiwafukuza wasichana hawa. Waliowapinga walikuwa majirani, wenye maduka, waumini wa kanisa lililokuwa karibu, na mwanasiasa aliyejua namna ya kupitisha sheria.

Hatua ya pili: Chagua jicho litakaloona mambo

Anza na wanawake weusi, kwa sababu hata katika historia yenyewe wao ndio walioanza. Mariah Davis alifanya kazi katika nyumba ya Crandall, na ni kupitia kwake gazeti la The Liberator, lililopinga utumwa, ambalo William Lloyd Garrison alianza kulichapisha Boston mwezi Januari 1831, lilimfikia mwalimu huyo. Rafiki yake, Sarah Harris, binti wa mkulima mweusi huru, alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi alipokwenda kuomba nafasi mwaka 1832, akieleza kwamba alitaka elimu ya kumtosha kuwafundisha watoto weusi. Crandall alimkubali. Alipoonywa kwamba shule yake ingezama, alijibu kwamba na izame, hatamfukuza binti yule. Wazazi wa wasichana wazungu waliwaondoa mabinti zao, naye akaamua kuifungua shule upya kwa ajili ya wasichana weusi peke yao.

Ushauri wangu ni kwamba msimulizi wako awe msichana wa kubuni, mwenye miaka kumi na minne au kumi na mitano, aliyetoka mbali, tuseme Providence au Philadelphia. Msichana wa namna hiyo haujui mji, na msomaji wako wa Morogoro au Kisumu atajifunza pamoja naye kila njia na kila sura.

Hatua ya tatu: Panga mfululizo wa matukio halisi, kisha usiuvunje

Shule ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 1833. Tarehe 24 Mei bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyomkataza mtu yeyote kuwa na shule ya kuwafundisha watu weusi wasio wakazi wa Connecticut bila idhini ya mji husika, na habari zilipofika Canterbury watu walipiga kengele na kufyatua mzinga kwa furaha. Tarehe 27 Juni Crandall alikamatwa, akalala usiku mmoja gerezani, kwa kuwa marafiki zake walikataa kwa makusudi kumwekea dhamana siku ile ili aibu hiyo ionekane wazi mbele ya nchi nzima. Katika kesi ya Agosti, raia walioteuliwa kuamua walishindwa kukubaliana. Katika kesi ya Oktoba, Jaji David Daggett aliwaelekeza kwamba watu weusi si raia kwa maana ya katiba, na Crandall akapatikana na hatia. Rufaa iliibatilisha hukumu hiyo Julai 1834 kwa hoja ya kiufundi, bila kulijibu suala la uraia.

Mfululizo huu ni mifupa ya kazi yako. Kati ya tarehe moja na nyingine una nafasi kubwa ya kubuni, na ndani ya nafasi hiyo ndimo wasichana walimosoma sarufi, jiografia, historia, kemia, elimu ya nyota, uchoraji, piano na Kifaransa. Ninawasihi mwandike masomo haya. Hadithi nyingi huandika mawe yaliyorushwa na kusahau kwamba kati ya jiwe na jiwe kulikuwa na msichana aliyekuwa akijitahidi kukumbuka jina la sayari.

Hatua ya nne: Ishike hadithi kwa vitu vinavyogusika

Wenye maduka walikataa kuwauzia bidhaa, daktari alikataa kuwatibu, kanisa liliwafungia mlango, na kisima cha nyumba kilitiwa samadi, hata baba yake Crandall akalazimika kuwaletea maji kutoka shambani kwake. Ada ilikuwa dola 25 kwa robo ya mwaka, nusu yake ikilipwa kabla. Kila kimoja kati ya hivi kinaweza kubeba sura nzima. Tuchukue kisima kwa mfano:

"Harufu ilinifikia kabla ndoo haijafika ukingoni. Nilimwaga, nikaiteremsha tena, nikiomba moyoni kwamba uchafu ulikuwa wa juu tu. Ndoo ya pili ilipanda nyeusi kuliko ya kwanza. Nilipogeuka, mdogo wetu kuliko wote alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi, akisubiri."

Katika aya hiyo hakuna neno ubaguzi wala neno chuki, na halihitajiki. Msomaji ameuona mkono wenye kikombe, na atataka kujua maji yatatoka wapi.

Hatua ya tano: Mwandike mpinzani kwa hoja zake mwenyewe

Andrew Judson, jirani wa shule na mwanasiasa aliyeongoza upinzani, aliunga mkono mpango wa kuwahamishia watu weusi huru Afrika, yaani Liberia. Mwache aseme hivyo kwa sauti ya upole sebuleni, mbele ya watu wanaotikisa vichwa kukubali. Maneno ya kistaarabu yanayotoka kwa mtu anayeheshimiwa yatamtisha msomaji kuliko kelele za walevi.

Hatua ya sita: Ukubali mwisho ulivyokuwa

Januari 1834 nyumba ilinusurika moto. Usiku wa tarehe 9 Septemba kundi la wanaume lilivamia kwa marungu na vyuma, likavunja madirisha, na shule ikafungwa. Usiongeze ushindi ambao haukuwapo. Ile sheria ilifutwa mwaka 1838, lakini wakati huo wasichana walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Maswali ya wanachama

Mwanachama kutoka Tanga: Mwalimu, shikamoo. Je, ninaruhusiwa kuwaweka watu halisi katika mazungumzo ya kubuni?

Jibu: Marahaba. Unaruhusiwa, ila usiwape tendo linalopingana na kumbukumbu. Mchukue Ann Eliza Hammond, msichana wa miaka 17 kutoka Providence, ambaye viongozi wa mji walimtishia kwa sheria ya zamani ya wazururaji: faini ya dola 1.67 kwa juma, na akikosa kulipa au kuondoka, viboko visivyozidi kumi. Mchungaji Samuel J. May, mtetezi wa shule hiyo, alimshauri avumilie viboko hivyo kama vingekuja, akamkuta tayari amejiandaa. Hakuchapwa. Unaweza kubuni alichowaza usiku ule. Huwezi kumchapa.

Mwanachama kutoka Nakuru: Mhusika wangu ni mtumwa aliyetoroka kusini. Je, anaweza kujiunga na shule hii?

Jibu: Dada, ningekushauri umpeleke kwingine. Sheria ya mwaka 1793 iliruhusu watoro kukamatwa hata katika majimbo ya kaskazini, na shule iliyofuatiliwa na mahakama na magazeti ingekuwa mahali pa hatari sana kwake. Ukitaka mandhari iliyo karibu na utumwa, iko Baltimore, katika jimbo la Maryland lenye watumwa, ambako Mama Mary Lange na watawa wenzake weusi walikuwa wakiwafundisha wasichana weusi tangu mwaka 1828. Huko msichana huru alipita barabarani karibu na msichana mwenzake aliyekuwa mali ya mtu.

Mwanachama kutoka Unguja: Kwa nini tusiandike ya kwetu?

Jibu: Tuandike, tena kwa haraka. Caroline Thackeray aliongoza shule ya wasichana ya misheni ya Kianglikana pale Mbweni kuanzia mwaka 1877, ikiwapokea wasichana waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini hadhi ya utumwa kisheria haikuondolewa hadi 1897, kwa hiyo kwa miaka ishirini msichana wa Mbweni aliishi huru katika kisiwa chenye watumwa. Hatua zile sita zinatumika huko pia, hasa ya pili, kwa kuwa huko nako barua zilizohifadhiwa ni za wamisionari zaidi kuliko za wasichana.

Mwanachama kutoka Dodoma: Wanafunzi wa Canterbury walipatwa na nini baadaye?

Jibu: Sarah Harris aliolewa mwaka 1833 na George Fayerweather, na binti yao wa kwanza wakampa jina la Prudence Crandall. Julia Williams alikwenda mwaka 1835 kusoma Noyes Academy, katika mji wa Canaan, jimbo la New Hampshire, iliyowapokea weusi na weupe pamoja. Agosti mwaka huohuo wenyeji walilifunga jengo la shule minyororo, wakalikokota kwa makumi ya ng'ombe hadi likang'oka mahali pake. Katika shule hiyo alikuwapo pia Henry Highland Garnet, mwanaharakati mweusi wa kupinga utumwa, ambaye baadaye alimwoa. Kama unatafuta mhusika aliyefungiwa mlango wa shule mara mbili kabla hajawa mama wa nyumba yake, ningeanza na Julia.