Baada ya upasuaji wa ACL: nyoosha goti kwanza, mbio zitakuja

Wachezaji wanaoletwa kwangu baada ya kutengenezewa kano ya msalaba ya goti, hii ambayo watu wa mpira wanaiita ACL, wana swali moja: "Dokta, narudi lini?" Mimi si daktari, ni mtu wa mazoezi tiba, na kabla sijajibu namlaza kitandani nimtazame visigino.

Kama ulishonwa na meniskasi pia, ile gegedu inayokaa kama mto kati ya mifupa ya goti, masharti ya aliyekupasua ndiyo yatangulie. Kukunja goti na kulikanyagia huwa kunacheleweshwa.

Hatua ya 1: linyooke

Viringisha taulo, liweke chini ya kisigino, goti libaki linaning'inia. Acha uzito wa mguu ulishushe kwa dakika 5 hadi 10, mara 4 au 5 kwa siku. Usiweke mto chini ya goti, hata usiku. Winga mmoja wa ndondo alilalia mto wiki 5 kwa sababu ndio uliompa usingizi. Alipokuja, goti lilikuwa limekaza likiwa limepinda, na kulinyoosha kulitula miezi miwili.

Jipime hivi: lala kifudifudi, miguu itokeze ukingoni mwa kitanda, mtu akuangalizie visigino. Kilichobaki juu ndicho cha goti lisilonyooka. Sentimita 1 ya tofauti ni karibu nyuzi 1. Lengo ni kulingana ndani ya wiki 2.

Hatua ya 2: amsha paja

Goti lililovimba huuzima msuli wa mbele ya paja. Unauamuru, hausikii. Weka kiganja chini ya goti, kigandamize kwa sekunde 5, rudia mara 10, kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho. Tazama kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti: kinapanda kuelekea pajani? Kama kimetulia, unasukuma kwa makalio tu. Kikishapanda, inua mguu mzima ukiwa umenyooka. Magongo yaache siku utakayotembea bila kuchechemea, si siku utakayoyachoka.

Kigimbi kikivimba na kuuma, au ukipata homa na kidonda kikawa chekundu, achana na mazoezi uende hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni damu iliyoganda au maambukizi.

Hatua ya 3: nguvu

Goti likikunjika kufika nyuzi 110 hivi, panda baiskeli ya mazoezi. Kisha kuchuchumaa nusu, kupanda kistuli, baadaye kwa mguu mmoja. Kama kano mpya ilikatwa kwenye misuli ya nyuma ya paja, misuli hiyo usiibebeshe uzito mapema.

Mwezi wa 2 na wa 3 baada ya upasuaji ndio unaoninyima usingizi. Maumivu yameisha, lakini kano iliyopandikizwa iko dhaifu kwa sababu mwili bado unaijenga upya. Hapo ndipo vijana wanatorokea chandimu. Kipimo changu ni asubuhi: goti likiamka limevimba, jana ulizidisha. Kila wiki 2 chukua futi ya fundi cherehani, upime mapaja yote mawili sentimita 15 juu ya kilegesambwa.

Hatua ya 4: mbio, kisha uwanja

Kwa kawaida mbio huanza mwezi wa 3 au wa 4, goti likiwa halina uvimbe, limenyooka kabisa, na mguu una angalau asilimia 70 ya nguvu za mwenzake. Kimbia mstari mnyoofu. Kukata kona ni baadaye sana.

Mechi, si kabla ya miezi 9. Utafiti wa Delaware, Marekani, na Oslo, Norway, uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kila mwezi unaovumilia, mpaka wa 9, hupunguza karibu nusu ya hatari ya kuumia tena. Na hiyo miezi 9 peke yake haitoshi. Ruka kwa mguu mmoja, pima umbali, uulinganishe na mguu mzima: nataka asilimia 90 au zaidi. Halafu mtu akurekodi kwa simu kutoka mbele unapotua. Goti likiingia ndani, hata kama umeruka mbali, tunarudi hatua ya 3.