Unataka kuacha au kupunguza dawa za kulevya ila kila mara unarudi palepale? Soma hapa

Kiukweli watu wengi wanaoenda kliniki kwa presha au kikohozi na huku wanatumia bangi, unga au vidonge siyo mateja kama mtaa unavyodhani, wana kazi na watoto, ila mambo yameshaanza kuharibika kidogokidogo. Na wengi washajaribu kuacha wakarudia, basi wanajiona hawana msimamo. Mimi hilo silikubali, mara nyingi nia ipo, ila kuna kitu kinakuvuta na hujakijua bado.

Sasa kabla hujaapa tena, chukua wiki moja uandike kwenye daftari kila ukitumia: saa ngapi, ulikuwa na nani, na ulikuwa unajisikiaje muda mfupi kabla. Usijisute, andika tu. Mwingine anakuja kuona kumbe hata raha haipati tena, anatumia ili alale, mwingine ni mgongo unamuuma miaka na hajawahi kumwambia daktari. Hapo ukiacha kilevi bila kutibu usingizi au maumivu utarudi tu, hata uwe na roho ngumu vipi.

Kama kinachokuvuta ni washkaji, pole, maana hapo ndo pagumu kuliko pote. Unaambiwa uache kilevi kumbe unaachishwa na watu, na ukishawaacha jioni unakaa na nani? Usianze kwa kuwakimbia wote, tafuta mmoja anayekuelewa umwambie ukweli, ukipokea hela usipite kijiweni siku hiyo, na jibu la kukataa liwe tayari mdomoni, fupi, bila maelezo.

Hamu nayo inapanda halafu inashuka, mara nyingi nusu saa haiishi. Ondoka hapo ulipo, piga simu, oga, yaani chochote kikupitishe hiyo nusu saa.

Haya, aibu ya kumwambia daktari. Muulize kwanza: nikikuambia, inaandikwa wapi na nani anaona? Ni haki yako kuuliza. Shirika la Afya Duniani lina maswali ya kupima matumizi ya vilevi yanaitwa ASSIST, yanaangalia hasa miezi 3 iliyopita, na kwa dawa za kulevya alama 4 hadi 26 ni hatari ya kati, ambapo hata mazungumzo mafupi na mhudumu yanaweza kusaidia, kuanzia 27 unahitaji matibabu zaidi. Omba ufanyiwe, usisubiri aanze yeye.

Ila hapa naomba unisikilize vizuri. Kama unakunywa pombe nyingi kila siku, au umezoea vidonge vya kutuliza au vya usingizi kama diazepam, USIKATE GHAFLA, unaweza kupata degedege na ukafa, nenda upunguziwe taratibu ukiwa chini ya daktari. Wa heroini, arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa unga, inatesa sana na kuna dawa za hospitali, methadoni au buprenofini, za kukusaidia, ulizia. Na ukikaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili hauwezi tena kile kipimo cha zamani, wengi wamekufa siku waliyorudia kwa kipimo kilekile.

Ukiteleza, usikose kliniki kwa sababu ya aibu. Nenda hivyohivyo, mwambie daktari "juzi nilitumia", na umfungulie lile daftari muone siku hiyo ilianzaje.